Mkono wa Pili

Wako watu wanaodhani kwamba kazi ya mwalimu huanza kengele inapolia asubuhi na kwisha watoto wanapotawanyika jioni. Sikatai kwamba saa hizo zina kazi ya kutosha. Lakini mtoto haji shuleni mtupu. Huja na njaa yake au shibe yake, na usingizi alioupata au alioukosa, na maneno aliyoyasikia usiku kupitia ukutani. Mambo hayo hayaandikwi katika daftari la mahudhurio, walakini ndiyo yanayoamua kama somo litaingia, au litateleza kama maji juu ya jani la nduma.

Nafundisha katika shule ya msingi karibu na Khayega, soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Kisumu, katika nchi ya Waisukha. Mashamba hapa ni madogo na watu ni wengi. Wazazi kadha wa kadha hutafuta riziki mijini, na watoto hubaki mikononi mwa nyanya zao. Mwaka mmoja nilikuwa na mvulana wa darasa la tano mwenye sifa mbili mbaya: asubuhi alisinzia, na mchana alipigana. Mwalimu mwenzangu, mtu mzima kwa umri na mwema kwa moyo, aliniambia, "Huyo anataka viboko. Sisi tulichapwa, na tazama, tumekuwa watu."

Neno hilo lastahili jibu, maana wengi hulisema. Jibu la kwanza ni la sheria. Kanuni zilizoruhusu viboko katika shule za Kenya zilifutwa mwaka 2001. Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu na adhabu ya kupigwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi mwili na kumtesa akili. Jibu la pili ni la busara. Kiboko huweza kukomesha tendo kwa saa moja, lakini hakiulizi sababu. Mtoto anayesinzia ukimchapa utamwamsha, lakini hutakuwa umempa usingizi alioukosa usiku.

Basi siku moja, masomo yalipokwisha, nilifuata njia ya kwao. Nilimkuta nyanya yake uani akichambua maharagwe. Alinipa kigoda, akaniuliza hali ya watu wa nyumbani kwangu, na salamu zilipotimia ndipo akasema, "Mwalimu, umekuja kumshtaki mjukuu wangu?"

"La, mama," nikamjibu. "Nimekuja kuuliza."

Nikaambiwa. Mtoto yule aliamka kabla ya jogoo, akabeba ndizi mpaka sokoni, akarudi kuchota maji, kisha akaja shuleni bila kutia kitu kinywani. Wenziwe walimcheka kwa shati lake lenye madoa ya utomvu wa ndizi, naye hakuwa na jibu ila ngumi.

Sikuwa na fedha za kuwaondolea shida ile, wala shule haikuwa nazo. Lakini mwalimu mkuu aliwaeleza wazazi wachache kwa faragha, bila kumwaibisha mtu. Jirani mmoja mwendesha bodaboda, aliyepita sokoni kila alfajiri, akakubali kuzibeba ndizi zile. Akina mama wakachanga unga, ukapatikana uji wa asubuhi kwa kila mtoto aliyetaka, bila kuulizwa kwa nini.

Tena alikuja mzee mmoja kuwafundisha watoto isukuti kila Ijumaa. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliitia mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mpigaji asiyewasikiliza wenzake huharibu mwendo wa wote. Mvulana yule alipewa ngoma ndogo. Mzee hakumhubiria amani. Kila alipokwenda mbio alimsimamisha, akamwambia, "Sikiliza kwanza."

Sisemi kwamba aligeuka malaika. Muhula uliofuata alipigana mara moja, lakini alikwenda mwenyewe kuomba radhi kabla hajaitwa. Kusinzia kulikwisha, na hesabu zake zikapanda. Yule mwalimu mwenzangu hakuzungumza nami tena habari za viboko. Siku moja tu aliniuliza, "Msichana wangu yule anayelia ovyo darasani, kwao ni upande gani?" Nikamwonyesha njia.

Wewe msomaji kijana, pengine kesho utakuwa mwalimu, au mzazi, au jirani mwenye pikipiki. Sheria imeweka bodi za usimamizi na vyama vya wazazi ili shule na nyumba zikutane, nayo ni mambo mema, lakini karatasi haina miguu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa pili nao hauji wenyewe. Sharti mtu atoke akauombe.