Watano Wasiobeba Mpira

Columbus, Ohio

Mjomba,



Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza, huu mpira wa Wamarekani unaobebwa mikononi na watu waliovaa kofia ngumu, tunaona raha gani ndani yake. Umeuliza wakati mwafaka. Msimu wa 2024 timu ya chuo kikuu cha hapa, Ohio State, ilicheza mechi 16 na kumaliza ikiwa bingwa wa vyuo vyote vya Marekani, na kilichoibeba hadi mwisho ni watu watano ambao hawabebi mpira. Habari zao nilitaka uzisikie wewe kwanza, kwa sababu nadhani mtu wa huko Usinge, Tabora, ataelewa upesi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikifika, inapewa nne nyingine. Ikishindwa, mpira ni wa wapinzani. Kila nafasi huanza kwa safu mbili kuinama zikitazamana. Mtu wa katikati anaupitisha mpira nyuma, kati ya miguu yake, kwa mpiga pasi, naye ana sekunde mbili tatu tu za kuamua: arushe mbele, au amkabidhi mkimbiaji. Sekunde hizo anazipata kwa kazi ya watano: huyo wa katikati, wawili wa ubavuni kwake, na wawili wa pembeni kabisa. Kila mmoja ana kilo 135 na zaidi. Kwa kawaida kanuni haziwaruhusu kupokea pasi. Wakifanya kazi vizuri, hakuna anayewataja. Mmoja akiteleza na mpiga pasi akaangushwa, uwanja mzima unaijua namba ya jezi yake.

Nami nisingewatazama hao watano kama si wenzangu wa kazini. Columbus usiidhanie mji wa Wazungu watupu. Wasomali ni maelfu kwa maelfu, hakuna mji wa Marekani wenye wengi kuliko hapa isipokuwa Minneapolis. Wapo pia Wakongo waliokulia kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, na Kiswahili chao kina harufu ya Kigoma. Zamu yetu ya usiku, katika ghala la nguo, wao ndio wengi. Saa ya chakula simu inaegemezwa kwenye chupa ya maji, tunatazama marudio ya mechi huku tunakula. Siku moja mtangazaji akalitaja jina la Tegra Tshabola, kijana anayecheza kuume kwa mtu wa katikati. Meza nzima iliinua vichwa. "Tshabola! Huyo ni wa kwetu!" Tangu siku ile tukaacha kumtafuta mfungaji, tukawa tunatazama miguu ya watano.

Na kulikuwa na mengi ya kutazama. Tarehe 12 Oktoba walisafiri hadi Oregon wakafungwa 32 kwa 31, na katika mechi hiyohiyo Josh Simmons, wa pembeni kushoto, akaumia goti. Msimu wake ukaishia pale. Nafasi ile ni nyeti, maana mpiga pasi anayetumia mkono wa kulia huwa ameupa upande wa kushoto mgongo. Anayekuja kutoka huko hamwoni. Wiki mbili baadaye, mbele ya Nebraska, walishinda kwa taabu, 21 kwa 17, na siku nzima wakimbiaji wao walipata yadi 64 tu. Kijana aliyeshika nafasi ya Simmons naye akaumia. Mjini hapa, kwa kinyozi, msikitini, sokoni kwa Wasomali, maneno yalikuwa yaleyale: ukuta umebomoka.

Makocha wakamwendea Donovan Jackson. Huyu alikuwa wa ubavuni kushoto, na nafasi hiyo aliishika misimu kadhaa, anatajwa miongoni mwa walio bora. Wakamwomba ahamie pembeni, katikati ya msimu, katika mwaka wake wa mwisho chuoni, wakati macho ya timu za kulipwa yako juu yake. Mjomba, kwa mbali utadhani ni hatua moja tu ya kushoto. Sivyo. Aliye ubavuni ana wenzake kulia na kushoto, na mtu wa kupambana naye yuko puani pake. Mpira ukianza tu wanagongana, kazi ni ya nguvu. Wa pembeni yuko peke yake. Anayemjia ni mwepesi, anatokea mbali, anaweza kumzunguka kwa nje au kumkata kwa ndani. Kwa hiyo inabidi arudi kinyumenyume, kwa mshazari, hatua fupifupi, mgongo umenyooka, mikono tayari, bila kuvuka miguu, na asirushe mikono mapema. Akiharakisha, amepitwa. Mtu aliyefundishwa miaka kwenda mbele sasa anajifunza kurudi nyuma kwa subira, na ana siku chache tu za mazoezi.

Jackson alikubali. Mechi yake ya kwanza pale ilikuwa tarehe 2 Novemba, ugenini kwa Penn State, mbele ya watu zaidi ya 110,000. Weka Uwanja wa Benjamin Mkapa ukiwa umejaa, kisha ongeza karibu mwingine kama huo. Na aliyekuwa akimsubiri ni Abdul Carter, ambaye miezi michache baadaye alichaguliwa wa tatu katika nchi nzima kwenda kucheza mpira wa kulipwa. Haikuwa siku nyepesi. Lakini nataka ukitazame kipande cha mwisho. Ohio State wanaongoza 20 kwa 13, zimebaki dakika tano na sekunde 13, na mpira wanaupokea kwenye yadi yao ya kwanza, migongo karibu inagusa mstari wa goli. Uwanja unapiga kelele mpaka mtangazaji hasikiki. Kila mtu anajua watakachofanya: hawatarusha, watakimbia, ili saa imalizike. Na wakakimbia. Yadi tatu, yadi nne, yadi saba, tena na tena, watano wale wakisukuma pamoja, wakinyanyuka, wakiinama tena, mpaka saa ikaisha mpira ukiwa bado mikononi mwao. Hakuna pasi hata moja. Wenzangu wa Nyarugusu walikitazama kipande hicho kuliko bao lolote la msimu ule. Hata mimi naona ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona katika mchezo huu.



Hawakupona mara moja. Katika mazoezi ya Novemba, Seth McLaughlin, mtu wao wa katikati, alikatika kano ya kisigino. Baadaye alipewa tuzo ya mchezaji bora wa nafasi hiyo kwa nchi nzima, kwa hiyo elewa waliondokewa na nani. Nafasi ikaenda kwa Carson Hinzman. Habari ya kijana huyu inanigusa. Msimu wa 2023 yeye ndiye aliyekuwa wa katikati. Ulipofika mchezo wa mwisho akawekwa benchi, na mwaka uliofuata akaletwa McLaughlin kutoka Alabama achukue mahali pake. Zama hizi mchezaji wa chuo Marekani anaweza kuhama kwa urahisi kwenda kutafuta nafasi kwingine. Hinzman hakuhama. Akajifunza na kazi ya ubavuni, akaziba pengo aliloliacha Jackson, na McLaughlin alipoanguka akarudishwa katikati. Wa katikati si wa kuanzisha mpira tu. Ndiye anayeisoma safu ya wapinzani na kuwaonyesha wenzake nani amkabili nani. Akisoma vibaya, wote watano wanagonga hewa.

Tarehe 30 Novemba, nyumbani, walifungwa na Michigan 13 kwa 10. Mtu wa hapa anaweza kusamehe kufungwa mechi nyingine zote mradi ashinde hiyo. Walikuwa wakijigonga katikati, mahali Michigan walipokuwa na nguvu kuliko kwingine kote, na mkaidi akashindwa na ukuta. Watu walidai kocha Ryan Day afukuzwe.

Zilifuata wiki tatu bila mechi. Bado naamini msimu uligeukia hapo, ingawa hakuna picha ya televisheni inayoonyesha. Watano wapya walipata muda wa kufanya kazi bila haraka: wawili kumgonga mtu mmoja, bega kwa bega, kisha mmoja wao kuchomoka kumwahi wa nyuma, na kuchomoka huko kuwe kwa wakati uleule ambao mwenzake amekwisha kumshika vizuri yule wa kwanza. Kitu hicho hakifundishwi kwa maneno. Kinataka miili izoeane. Ukiwatazama walivyocheza na Nebraska kisha ukawatazama Januari, utadhani ni watu wengine.

Kufungwa na Michigan hakukuwatoa, walirudi kwa mechi za mtoano za kuwania ubingwa, wakawafunga Tennessee 42 kwa 17 katika baridi kali. Siku ya mwaka mpya wakawafunga Oregon, walewale wa Oktoba, 41 kwa 21. Wakawashinda Texas 28 kwa 14, na tarehe 20 Januari 2025, mjini Atlanta, Notre Dame 34 kwa 23. Katika fainali hiyo walipata yadi 214 kwa kukimbia. Mkimbiaji wao Quinshon Judkins aliondoka mara moja akala yadi 70 peke yake. Tuzo ya mchezaji bora wa ushambuliaji alipewa Will Howard, mpiga pasi. Sina kinyongo na Howard, alicheza vizuri sana. Aprili, Jackson alichaguliwa wa 24 na Minnesota Vikings, akarudishwa ubavuni, nafasi yake ya zamani.

Sasa nikuambie kwa nini nilikumbuka nyumbani. Wewe ndiye uliyenionyesha, tukiwa kwenye treni ya kwenda Kigoma, kwamba reli haikubuni njia mpya. Ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, lakini watu walikuwa wakipita ukanda huo, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, kuvuka Malagarasi hadi Ujiji, vizazi kabla ya Wajerumani. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba ratili 60, 70, pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa na shanga kurudi bara, miezi kwa miezi. Kiangazi wako njiani, masika wako shambani. Na ufundi ulikuwa uleule wa watano hawa. Msafara ukiondoka pwani, kambi ya kwanza iliwekwa karibu makusudi, ili mizigo ifungwe upya, mwenye mzigo uliompa shida abadilishane, watu wazoeane na mwendo wa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Msafara wa wiki ya kwanza haukuwa msafara wa mwezi wa tatu. Ugumu wao ulitokana na njia yenyewe.

Ukisoma vitabu, majina yaliyobaki ni ya Burton na Speke, waliofika Kaze, hapo Tabora, 1857 na Ujiji 1858, ya Livingstone, ya Stanley. Waliowafikisha huko tunawajua wachache: Sidi Mubarak Bombay, Chuma na Susi waliobeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo, wakawasili Februari 1874. Wengine wote ni "wapagazi", hesabu tu katika daftari la mtu. Kisha ikaja vita ya 1914, wakachukuliwa tena kubeba, safari hiyo kwa lazima, na wengi hawakurudi. Watano wa Ohio State angalau majina yao yapo. Namba zao zimeandikwa mgongoni, na mimi mgeni nimeweza kukusimulia mmoja mmoja. Babu zetu waliobeba mzigo mkubwa kuliko huo hatuwezi kuwataja.

Lakini si wote wamepotea. Bibi yule mkubwa wa upande wa stesheni alikuwa akitaja mababu zake waliofika pwani, na nani alirudi na nini. Wako wengine kama yeye, kuanzia Kaliua mpaka Nguruka. Ninachokuomba, Mjomba, ni hiki: zungumza na mwalimu wa historia hapo shuleni, mpange wanafunzi wa darasa la sita wapite nyumba kwa nyumba wakawaulize wazee. Jina la babu aliyebeba, alibeba nini, alikwenda na nani, alifika wapi. Waandike kama wanavyoambiwa, hata kama ni jina moja tu. Madaftari, kalamu na nauli ya kwenda Nguruka natuma mimi mwisho wa mwezi huu, kwa simu yako kama kawaida. Waanze na bibi wa stesheni, maana umri wake unaujua.

Msalimie shangazi na wote.

Mpwa wako.