Binti Yetu na Kazi ya Kuhesabu



Binti yetu alipotuambia kuwa hataki udaktari wa hospitali bali utafiti wa seli shina za damu, palipita kimya hapa nyumbani Toronto. Sisi wazazi tumezoea kazi zinazojieleza: daktari, mhandisi, mhasibu. Tukapiga hesabu: shahada ya uzamivu miaka mitano au zaidi, kisha mikataba mifupi mifupi. Tukamwuliza, "Mama, utakula nini?"

Hakubishana nasi. Alitusimulia yaliyotokea katika mji huu huu. James Till alikuwa mwanafizikia, mwenzake Ernest McCulloch daktari. Walichukua panya walioharibiwa uboho kwa mionzi, wakawadunga uboho wa panya wazima. Siku ya kumi, Jumapili, McCulloch akaona vinundu kwenye bandama za panya wale. Akavihesabu. Kadiri seli za uboho zilivyoongezwa ndivyo vinundu vilivyoongezeka, kimoja kwa kila seli 10,000 hivi. Ukichora, unapata mstari ulionyooka.

Kusikia mstari ulionyooka, sisi tuliosomea uhandisi tukakaa vizuri kitini.

Walichapisha matokeo mwaka 1961. Mwaka 1963, pamoja na mwanafunzi wao Andrew Becker, wakaonyesha kuwa kila kinundu kimetokana na seli moja tu. Ndipo ikathibitika kuwa seli moja ya uboho huweza kuzaa damu ya aina mbalimbali.

Kisha akamtaja mtoto wa shangazi yake kule Tanga, aliyetutoka kwa selimundu akiwa na miaka tisa. Tulichanga fedha za dawa na za damu, mwisho tukachanga za sanda. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayorekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe kisha kumrudishia. Tangu matokeo ya vinundu yachapishwe ilikuwa imepita miaka 62. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

"Bei hiyo Tanga nani ataiweza?" tukamwuliza.

"Ndiyo kazi iliyobaki, baba."

Hatukuwa na jibu. Tukampa baraka zetu, ingawa hofu haijatutoka.

Siku hizi shangazi yake akipiga simu huuliza, "Daktari wetu keshaanza kutibu?" Tunamjibu kuwa bado, anahesabu. Naye hutuambia, "Mwacheni ahesabu."