Mgeni na Mtaa

Kwetu Mgololo, wilayani Mufindi, mgeni hachagui mtaa. Huteremka kwenye treni ya TAZARA, akaulizia nyumba ya jamaa yake, na mtoto yeyote akamwongoza. Undugu ndio ramani. Ama yule aingiaye mji wa Ulaya na shanta mgongoni, asiye na shangazi wala mjomba wa kumpokea, hulazimika kujichagulia majirani. Na uchaguzi huo, kwa maoni yangu, ni mkubwa kuliko uchaguzi wa kitanda.

Kanuni zijulikanazo ni tatu: bei, treni na usalama wa usiku. Sizidharau, kwani mfuko wa mfasiri si mzito. Katikati ya mji hulipiwa sura yake, na mgeni akilala huko huishia kuwaona wageni wenzake. Lakini kwa kanuni hizo tatu, mitaa mingi ya Berlin ingenifaa. Nikaongeza ya nne: mtaa uwe na neno nami.

Basi mwaka 2025 nikapanga chumba Wedding, kaskazini ya mji, mahali paitwapo Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika. Treni ya U6 hufika kutoka huko hadi katikati ya mji bila ya kubadili. Jina hilo halikutokana na Waafrika kuishi hapo. Barabara za kwanza, ya Togo na ya Kamerun, zilipewa majina mwaka 1899, makoloni yalipokuwa fahari ya Kaiser. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama, alikusudia kujenga karibu na hapo bustani ya kuwaonyesha wanyama na watu wa makoloni, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ikaukatiza mpango wake. Hata leo vibaoni utasoma Tanga, Usambara na Zanzibar.

Barabara moja ndiyo iliyonivuta. Mwaka 1939 utawala wa Wanazi uliipa jina la Carl Peters, yule aliyeitwa kwetu Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakuu wa mji wakatamka kwamba Peters huyo sasa ni mwingine, Hans, aliyewapinga Wanazi. Jina la barabara likabaki lile lile. Baada ya madai ya miaka mingi, tarehe 23 Agosti 2024 barabara iligawanywa: sehemu moja ikapewa jina la Anna Mungunda, shujaa wa Namibia, na ya pili ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Mjerumani asiyeambiwa huenda akalisoma "mayi-mayi", kwani j yao ni y yetu. Matamshi hurekebishika, yaliyomo ndani ya jina ni magumu zaidi. Mwaka 1905 Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Wahehe wengi, waliokwisha kumpoteza Mkwawa mwaka 1898, hawakuingia katika vita ile, na wapo waliosimama upande wa Wajerumani. Kibao hakiwezi kuyabeba hayo yote. Huyabeba mtu aliyeyasikia kwa wazee, akakaa jirani na kibao, akaulizwa atokako.

Kwa hiyo namnasihi msafiri kijana: pima bei, tazama treni, kisha tafuta mtaa ambao una deni na kwenu. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nao hawakusema kwamba dawa lazima iwe tamu.