DIGRII MOJA TU



Wengi mmeniuliza kuhusu zile picha za nyota ninazopiga nikiwa hapa Karurumo. Leo nakujibu, lakini jibu lenyewe lina toba ndani yake.

Dunia haitulii. Inazunguka digrii 15 kila saa. Ukifungua kamera yenye lenzi ya kawaida kwa zaidi ya sekunde kama 10, nyota zinaacha kuwa nukta na kuwa mistari. Ndiyo maana unahitaji stendi ndogo yenye mota, inayozungusha kamera polepole kufuata mbingu. Ukienda kununua, usiulize bei kwanza. Uliza inabeba uzito gani. Yangu inabeba kilo 5, nami siibebeshi zaidi ya nusu, kwa sababu upepo wa usiku hauna huruma. Kisha uliza kama inaweza kulala hadi karibu na sifuri. Sisi tuko karibu sana na ikweta. Ukielekea Meru mjini unaivuka baada tu ya Nkubu. Baadhi ya stendi zilitengenezewa watu wa Ulaya, na hazilali kiasi hicho.

Tena wenzetu wa kaskazini wana nyota ya kuwaongoza, Polaris. Hapa kwetu huioni. Unategemea dira na pimamaji. Weka swichi upande wa kusini, elekeza mhimili kusini, na usisimame karibu na gari au mabati, maana chuma hudanganya dira.

Januari, kiangazi, mbingu ikiwa safi, nilitoka kupiga picha ya Kilimia, zile nyota ambazo Mungu alimuuliza Ayubu habari zake katika sura ya 38. Picha ya sekunde 5, safi kabisa. Nikamshukuru Mungu. Picha ya dakika 2, kila nyota ina mkia. Nikailaumu mota. Nikamlaumu aliyeniuzia. Kumbe mhimili ulikuwa umekosea kama digrii moja tu.

Mpendwa, kosa la digrii moja halionekani kwa sekunde 5. Muda ndio unaolifichua.

Nikiwa pale gizani, Roho akanigusa. Nilipoileta stendi ile nyumbani, Mama Mchungaji aliniuliza ni pesa ngapi. Nikamtajia nusu ya bei. Neno moja, sekunde 5, na nyumba ikabaki na amani. Lakini kuanzia siku hiyo nilikuwa naficha risiti, naficha simu, nakwepa mazungumzo ya karo. Na Jumapili nasimama madhabahuni kuhubiri uaminifu! Mkia ulikuwa unazidi kurefuka.

Niliingia ndani nikamwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Pesa zitapatikana, Baba. Mimi nilikuwa nimeamini." Alinisamehe, lakini usiku huo hakutoka kuangalia picha. Sikumlaumu. Ameniruhusu kuandika haya.

Stendi inarekebishwa hivi: chagua nyota iliyo karibu na utosi, iangalie kwa dakika 5. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, sogeza mhimili kidogo kushoto au kulia, kisha uangalie tena. Haurekebishi kwa kukisia, wala kwa kununua lenzi ya bei zaidi. Unarekebisha kwa kukubali kuangaliwa kwa muda mrefu. Ndilo ombi la Daudi mwishoni mwa Zaburi 139, Mungu amchunguze mpaka ndani.

Je, wewe digrii yako moja iko wapi? Kwenye chama? Kwenye mizani ya duka? Kwa mwenzi wako? Usingoje dakika 2 zipite. Rekebisha leo.

OMBI: Baba, nichunguze. Pale nilipopinda kidogo, ninyooshe kabla mkia haujarefuka. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha weka simu chini uende ukaongee na mtu wako. Usiku mwema, nawapenda.