Makinda ya Makadara

"Babu, njiwa mbona hawana wana?"

Mjukuu wangu ana miaka 8. Tulikuwa tumekaa barazani, njiwa wakidonoa makombo ya mkate njiani. Punde tu alikuwa amenionyesha kwenye simu hamsta, vile vijipanya vya kufuga, akanieleza kwamba mimba yao kwa kawaida haipiti wiki tatu na kwamba huzaliwa vipofu. Anayajua ya mnyama ambaye hajapata kumgusa. Ya ndege anayelala juu ya paa lake hakuna aliyemwambia. Liliniuma hilo, na kosa si lake.

Mimi nilipata jozi yangu ya kwanza hapa hapa Makadara, Mombasa, mwaka 1968, ama 1969. Nimemuuliza dada yangu, naye ameshikilia 1970. Tuuache. Kizimba nakikumbuka vyema: debe la mafuta ya taa lililolazwa ubavu juu ya ukuta wa ua, na kibao cha kutulia mbele yake. Na zaidi namkumbuka muuza nafaka wa mtaani.

Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja. Harufu ya magunia ndiyo iliyokupokea kwanza, kisha mtama, kisha ubani aliofukiza kila alasiri, na chini ya yote vumbi la dengu lililokaa kooni mpaka ufike nyumbani. Kwa thumuni alinipimia kibaba cha mtama, akanitilia na chenga za mchele juu yake bila kuzipima. Madeni aliyaandika kwa chaki nyuma ya mlango. Njiwa wangu alipotaga mayai mawili, kama ilivyo ada yao, alichora mstari mmoja kando ya madeni ya watu.

"Usimwinue, mwanangu. Hisabu siku."

Kila siku nilimpelekea habari. Kwamba saa nne asubuhi dume huja kupokea zamu, akalalia mpaka alasiri, na usiku ni wa jike. Mistari ilipofika 18, yai la kwanza lilipasuka. Kinda alikuwa uchi, na nyuzi chache za manjano mgongoni, macho yamefumba, mdomo mkubwa usiolingana na kichwa. Siku ya tano alifumbua macho. Wiki ya pili manyoya yalimchipuka kama sindano. Wazazi wote wawili walimlisha maziwa mazito yanayotoka kwenye kifuko cha koo, na mimi, kwa huruma ya kitoto, nikamlisha mwenzake wa yai la pili mkate uliolowekwa. Alikufa usiku ule. Mzee wa duka hakunigombeza. Alifuta mstari mmoja, akaniuzia mtama.

Aliyebaki alitoka kizimbani baada ya wiki nne, naye ameshakaribia kimo cha mamake. Hilo ndilo jibu la mjukuu wangu: wana wapo, ila hawashuki njiani mpaka wawe wakubwa.

Siku zile kunguru wa Bara Hindi walikuwapo tayari. Walionekana Mombasa tangu 1947. Lakini wakaongezeka kwa taka tulizoacha zirundikane, wakala mayai na makinda, na watu wakachoka kufuga. Kisha mabati yakashuka, ghorofa zikapanda, juu yake matangi ya maji. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja kwa sumu. Taka zingali pale pale, nami sielewi tunatarajia nini. Duka la nafaka sasa linauza vifuniko vya simu.

Wiki iliyopita nilimpandisha mjukuu darini. Nyuma ya tangi, juu ya vijiti vitatu vinne na kipande cha waya, jike alikuwa amelalia. Tulisimama mbali, hatukusema neno.

Jumapili alirudi na chaki. Alichora mstari mmoja kwenye tangi, akauliza kama kesho atakuta mlango wa darini uko wazi.