Shifaa na Shufaa

Baina ya shifaa na shufaa pana irabu moja tu. Shifaa ni kupona. Shufaa ni uombezi, na ndilo jina ambalo Tanzania imelipa tiba isiyodai kuponya: tiba shufaa.

Mgonjwa wa Mchukwi, ambaye saratani ya utumbo mpana imekwisha kumfika ini, husimama kati ya hizo mbili. Vivimbe vya ini vikiwa vichache na vyakatika, upasuaji na dawa za saratani huweza bado kulenga kupona, ijapokuwa wengi hurudiwa na maradhi. Hapo safari ya Dar es Salaam, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, ina hoja. Na vikienea pasipokatika? Dawa zilezile huenda zikatolewa, lakini kwa nia nyingine: kurefusha siku. Mionzi hupunguza damu na maumivu. Utumbo ulioziba hutolewa mdomo nje ya tumbo, choo kipate njia. Mofini ya kunywa, pamoja na dawa ya kulainisha choo, humrudishia mtu usingizi wake.

Jamaa huuza mikorosho wakiamini wananunua uzima, kumbe wamenunua miezi. Miezi si haba, lakini mwenyewe aliulizwa angependa kuiishi wapi? Wala shufaa haingoji shifaa ishindwe. Hustahili kuanza pamoja nayo. Kabla ya mikorosho kuuzwa, daktari aulizwe waziwazi dawa hii yalenga nini, naye amjibu mgonjwa aliyeketi mbele yake, si mwanawe aliyesimama mlangoni.