Jua Litakufa, Nami Sina Hofu Tena

Nina duka la vitambaa Kariakoo, mtaa wa Mkunguni, na ninaishi ghorofa ya tano ya jengo hilohilo. Nataka kutoa ushuhuda wa hofu iliyonikaa tangu utotoni na jinsi ilivyoniondoka.

Niliogopa mwisho wa dunia. Waliokulia mitaa hii wanajua jinsi habari hiyo inavyomfikia mtoto. Jioni mhubiri anasimama Msimbazi na spika yake, anataja siku ambayo jua litatiwa giza. Kesho yake, mawaidha yanayosikika kutoka duka la jirani yanataja Kiyama. Hayo niliyapokea kama mambo ya imani. Kilichonivunja nguvu ni kusikia, nikiwa kidato cha pili, kwamba hata wanasayansi wanasema Jua litavimba na kuimeza Dunia. Nikaona hakuna pa kukimbilia. Baba alipofariki, hofu ile ikageuka uzito. Nafungua duka, napanga khanga, na moyoni najiuliza haya yote ni ya nini.

Tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa. Kule Rujewa, wilayani Mbarali, lilionekana kama pete, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa amehimiza watu waende kulitazama. Sisi wa Dar tuliliona limemegwa tu. Nilipanda juu ya paa kuanua nguo nikamkuta jirani yetu, mwalimu mstaafu wa fizikia, kando ya simtanki na darubini yake. Alikuwa anaangusha taswira ya Jua kwenye karatasi nyeupe ili watoto wa wapangaji waone bila kudhuru macho.

"Shikamoo Mwalimu. Na hii ndiyo dalili?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mwezi tu umepita mbele. Njoo utazame."

Nikamtolea swali langu la miaka yote. Hakunicheka. Alisema, "Litakufa, ndiyo. Lakini halitalipuka, ni dogo mno kwa kulipuka. Subiri masika ya mwakani yakipisha, nikuonyeshe nyota za aina yake zinavyokufa."

Kwenye ngazi, jioni baada ya jioni, alinieleza. Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6, na katika kiini chake hugeuza takriban tani milioni 600 za haidrojeni kuwa heli kila sekunde. Akiba hiyo itatosha miaka mingine kama bilioni 5. Ikiisha kiinini, kiini kitasinyaa na kupata joto zaidi, tabaka za nje zitafura, na Jua litakuwa jitu jekundu. Utaridi na Zuhura zitamezwa. Kuhusu Dunia wataalamu bado wanabishana, ingawa bahari zitakuwa zimekauka zamani sana kabla ya hapo. Mwalimu hakunificha hilo, na namheshimu kwa kutonificha.

Kisha kiini kitafikia joto la nyuzi milioni 100 na kuanza kuunganisha heli kuwa kaboni na oksijeni. Mwishowe jitu hilo litatapika hewa yake angani, karibu nusu ya uzito wote wa Jua, na kitakachobaki katikati ni kibete cheupe, kitu chenye ukubwa wa Dunia tu. Kibete hicho ni cha moto kiasi kwamba miale yake ya urujuanimno huifanya hewa iliyotawanyika ing'ae. Mng'ao huo ndio nebula ya sayari. Hauhusiani na sayari yoyote. Mwanaastronomia William Herschel aliziita nebula hizi hivyo katika karne ya 18 kwa sababu aliziona za mviringo kama sayari. Hudumu miaka elfu kumi au ishirini, kisha huyeyukia angani. Mwaka 2018 watafiti walichapisha hesabu zinazoonyesha kuwa hata Jua letu lina uzito wa kutosha, kwa shida, kuacha nebula hafifu.

Nilidhani kitu kama hicho hakiwezi kuonekana Kariakoo, penye taa zote hizi. Kumbe nebula hizi hutoa sehemu kubwa ya nuru yake katika rangi moja ya kijani. William Huggins aliiona rangi hiyo mwaka 1864 huko London, ikadhaniwa ni elementi mpya, hadi Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kuwa ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Mwalimu alikuwa na filta inayopitisha rangi hiyo na kuzuia nyingine nyingi. Ni kama mama anavyoisikia sauti ya mwanawe katikati ya kelele za mtaa wa Kongo.

Tulipanda Mei, mvua zilipopisha. Chini watu walikuwa bado wanafunga maduka. Nikaweka jicho, nikaona duara dogo la kibuluu lililotulia. Ilikuwa nebula iitwayo NGC 3242, ambayo Herschel aliigundua mwaka 1785.

Nililia, na sioni haya kusema. Miaka bilioni 5 haikuwahi kunifariji, kwa sababu namba kubwa haimfariji mtu aliyefiwa. Kilichonifariji ni kujua kile ninachokitazama kinafanya nini. Nyota ile inagawa kaboni iliyoipika uzeeni mwake. Sehemu ya kaboni iliyomo kwenye pamba ya khanga ninazouza, na kwenye mkono unaozikunja, ilitoka kwa nyota za namna hiyo zilizokufa kabla Jua letu halijazaliwa. Swali langu la asubuhi, la haya yote ni ya nini, halijarudi.

Sijaacha kusali. Kiyama ni cha Mungu na ninaendelea kukiamini. Ila siku hizi mhubiri akilitaja jua, simsikilizi kwa kutetemeka.

Mwenye darubini, hata ndogo, aitafute NGC 3242 kwenye kundinyota la Hydra. Januari huchomoza kati ya saa mbili na saa nne usiku. Mei, saa mbili usiku, iko karibu na utosi wa anga la Dar es Salaam, kusini kidogo. Na nyinyi wazazi wenzangu wa maghorofani, watoto wakiwauliza kuhusu mwisho wa Jua, msiwanyamazishe. Wapandisheni juu ya paa.